Faragha Iko Barabarani

Mtu wa Makongeni, Nairobi, akiwa na jambo zito la kumwambia rafiki yake wa dhati, mahali pabaya kuliko pote pa kulisemea ni nyumbani kwake. Nyumba hizo za kando ya Jogoo Road zilijengwa na shirika la reli enzi za ukoloni ziwe malazi ya wafanyakazi wake, na aliyezichora hakuwaza kwamba mfanyakazi naye hupata wageni. Alimpimia nafasi ya kulala ili alfajiri arudi karakana. Leo nafasi hiyo hiyo imebeba familia nzima: pazia limetenga kitanda na viti, mtoto anaandika kazi ya shule juu ya stuli, na redio ya jirani inasikika neno kwa neno. Nje ya mlango kuna macho mengine. Njia iliyobaki ni kutoka naye, ila siku nzima ya kutoka na rafiki, kuanzia chai ya asubuhi hadi matatu ya jioni, huchukuliwa kuwa starehe ya watu wa mitaa ya kitajiri kama Kilimani na Lavington. Mimi naona mambo ni kinyume. Mwenye sebule anaweza kufunga mlango akazungumza na mwenzake mpaka usiku. Wa Makongeni hana mlango wa kufunga. Faragha yake iko mbali na mtaa, katikati ya watu wasiomjua, na huipata kwa kutembea.

Kutembea bila shughuli, hata hivyo, ni jambo ambalo mji huu haukuwahi kumruhusu kwa moyo mweupe. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na haikupita miaka mingi kabla ya kanuni za uzururaji kutungwa, mwaka 1902. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kikaja kipande, yaani cheti cha utambulisho: kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kukibeba, na wengi walikining'iniza shingoni ndani ya kikasha cha bati. Mwafrika alikuwa na haki ya kuwa mjini kwa sababu tu ana mwajiri. Akionekana amekaa na mwenzake chini ya mti, swali lilikuwa anafanya nini hapo. Sheria ya Uzururaji ilifutwa mwaka 1997, lakini swali lile halikufutwa nayo. Vijana wawili wakijilaza kwenye nyasi Jumanne mchana, mpita njia huwatazama kama watu walioharibikiwa, na wao wenyewe hujieleza kabla hawajaulizwa. Kwa hiyo urafiki wa Eastlands, upande huu wa mashariki wa Nairobi, ulijifunza kujitafutia sababu. Kulikuwa na mpira: wazee wengi wa Makongeni na Kaloleni walikwenda kwa miguu City Stadium, uwanja ambao sasa una jina la Joe Kadenge, kuwatazama Gor Mahia na AFC Leopards. Kuna kanisa, kuna chama, kuna mazishi.

Sababu hizo si mbaya, ila zimetuachia kipimo kimoja tu cha rafiki. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, tunasema, nasi tumeishika methali hiyo mpaka tumesahau kwamba dhiki si maisha yote. Simu zetu zimejaa makundi ya michango: ya hospitali, ya karo, ya matanga. Rafiki anayetuma pesa upesi husifiwa, lakini huenda hata hajui unaogopa nini. Tunakutana tukiwa tumevaa shida, tunatatua shida, tunaachana. Hatujui tuongee nini siku ambayo hakuna aliyefiwa.

Kuna utafiti unaosaidia hapa, ingawa ulifanywa Marekani. Mwaka 2018 Jeffrey Hall, wa Chuo Kikuu cha Kansas, alichapisha matokeo ya kuwauliza watu waliohamia miji mipya, pamoja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo, muda waliotumia na wale waliofahamiana nao. Kutoka kujuana hadi urafiki wa kawaida kulichukua kama saa 50. Kufikia rafiki hasa, kama 90. Na rafiki wa karibu, zaidi ya 200. Linalonigusa zaidi ni kwamba saa za kufanya kazi pamoja hazikuwa na uzito ule wa saa za kupumzika pamoja. Watu wawili wanaweza kuuza mtumba Gikomba kwa miaka mitano, kibanda kikiangaliana na kibanda, wakabaki wafanyabiashara wanaoheshimiana tu.

Mtu atauliza kwa nini iwe siku nzima, badala ya saa moja leo na nyingine wiki ijayo. Jibu langu ni kwamba saa ya kwanza haina siri. Huisha kwa habari za bei ya unga, kodi, na nani amehama. Ya pili huwa ya mzaha. Jambo lenyewe hujitokeza baadaye, mara nyingi mkiwa mnatembea bega kwa bega, macho yakiwa njiani, na aliyelibeba hajioni yuko kizimbani. Ukimya nao huhitaji nafasi. Katika kikao cha dakika arobaini kila mmoja huhisi ana wajibu wa kusema. Katika siku ya saa kumi mnaweza kunyamaza kilomita nzima, na kunyamaza huko kusiwe na ubaya wowote.

Pingamizi kubwa ni pesa, na halipaswi kudharauliwa. Zaidi ya watu wanane kati ya kumi wenye kazi nchini Kenya wako kwenye sekta isiyo rasmi, ambako siku usiyofanya kazi ni siku usiyolipwa. Siwezi kumwambia anayeishi kwa kibarua aiache siku ya mshahara kila wiki. Nasema siku chache kwa mwaka, zilizopangwa mapema kama anavyopanga safari ya ushago, na zisizodai gharama kubwa. Kutoka Makongeni mnaweza kwenda mjini kwa miguu mkipitia City Stadium, Landhies Road na Muthurwa. Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yana kiingilio, lakini kwa mtoto wa mfanyakazi wa reli yana thamani yake: humo limo behewa ambamo mkuu wa polisi Charles Ryall alinyakuliwa na simba pale Kima mwaka 1900. Jeevanjee Gardens haina kiingilio. Alibhai Mulla Jeevanjee aliwapa wakazi wa mji bustani hiyo mwaka 1906, na mwaka 1991 ilipotaka kugeuzwa maegesho ya magari, mjukuu wake Zarina Patel aliongoza upinzani. Miaka miwili kabla yake, Wangari Maathai alikuwa amesimama dhidi ya jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Mabenchi tunayokalia bure yamepiganiwa. Kisha mkirudi, nyama ya soko la Burma mnaweza kuchangiana.

Wapo watakaosema upweke ni ugonjwa wa Ulaya, na kwamba sisi tunaoishi tukisongamana hatuujui. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Juni 2025 inasema vingine. Mtu 1 kati ya 6 duniani huhisi upweke, na katika nchi za kipato cha chini kiwango ni kama asilimia 24, zaidi ya maradufu ya kile cha nchi tajiri. Kusongamana si kuwa na mwandani. Pengine kusongamana ndiko kunakomfunza mtu kuficha ya moyoni. Hata simu haisaidii: nayo hutumika chumbani mle mle, sauti ikishushwa wengine wasisikie.

Pingamizi lisilo na jibu rahisi ni la wanawake. Mwanamume akitoka Jumapili asubuhi na kurudi jioni, haulizwi nani alipika. Mwanamke akifanya hivyo, huulizwa, na jirani huongeza ya kwake. Hapa neno langu si kwa mwanamke. Ni kwa mume na wana wakubwa, ambao kupika siku moja hakutawaua. Mwanamke ndiye anayeshinda katika chumba kile siku zote, na ndiye anayestahili zaidi kutoka.

Kwa miaka mingi wakazi wa Makongeni waliambiwa kwamba nyumba za zamani zitabomolewa, yapandishwe maghorofa ya bei nafuu. Mipango ya aina hiyo huhesabu vyumba, na vyumba hata vikiongezeka vitabaki vidogo. Wanaochora ramani na waache kiwanja chenye miti na mabenchi, kisicho na tiketi wala askari wa kuuliza watu wawili wanafanya nini hapo. Nawe unayesoma, una rafiki ambaye mara tatu za mwisho mlikutana matangani. Mpigie simu leo, mchague tarehe.