Mlinzi wa kuku: mbwa, kanga au bata bukini?

Wafugaji wengi wa kuku wa kienyeji hupoteza vifaranga kwa mwewe mchana na kuku wakubwa kwa kicheche usiku. Kabla ya kununua mnyama wa kulinda, piga hesabu. Tuseme katika kila uanguaji vifaranga 5 wanaliwa, na kila mmoja angekua na kuuzwa shilingi 15,000. Umepoteza mauzo ya shilingi 75,000. Toa gharama za kuwakuza. Kinachobaki ndicho kipimo cha matumizi yako kwa mlinzi.

Kisha mjue adui. Kama ni mwewe, fuga kanga. Hupiga kelele amwonapo, kuku wakakimbilia kichakani. Lakini kanga hapigani. Bata bukini hupiga kelele na kumkabili mgeni, tena hula majani, hivyo ni nafuu kumlisha. Hata hivyo hamuwezi fisi.

Kwa adui wa usiku, mbwa ndiye anayefaa. Mchukue angali mdogo, umzoeshe kuku, na umpe chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Asiposhiba, atageukia mayai.

Mlinzi hazibi tundu la banda. Funga banda kila jioni, na vifaranga wakae ndani ya tenga wiki 4 za mwanzo. Chanja kuku dhidi ya mdondo kila baada ya miezi 3, kwani mdondo haumwogopi mbwa.