Yadi Tatu za Kitenge kwa Seti ya Dramu

Seti nyingi za dramu zinazoonekana makanisani na shuleni huku Masasi na Newala zimekuja zikiwa mitumba. Mbao zake bado nzima, ringi hazijapinda, sauti ipo. Kilichochoka ni ganda la nje. Ile plastiki ya rangi iliyozungushiwa ngoma imepasuka pembeni, imebanduka penye maungio, na aliyeimiliki kabla yetu ameishikiza kwa soloteipu. Mwalimu wa kwaya anakuja na swali lile lile: "Fundi, ganda jipya linapatikana wapi, tena lisiwe la bei ya kututoa roho?"

Linapatikana. Viwanda vya nje huliuza kwa shiti, lina mng'ao wa lulu au chembe za fedha, na limekatwa kwa vipimo kamili. Ila ukijumlisha usafirishaji na ushuru mpaka lifike huku kwetu Makote, huenda ganda likaipita bei ya dramu yenyewe. Kwa hiyo nami huanza kwa kuuliza: "Mwalimu, ngoma yenyewe inaota moto?"

Sifanyi mzaha. Huku kwetu kuna ngoma za kila namna, na nyingi ni za gogo moja lililotobolewa, ngozi ya mnyama imewambwa juu kwa vigingi vya mti. Nyingine ni ndefu, hupigwa zikiwa zimebanwa mapajani. Nyingine ni fupi, zina mguu uliochongoka unaochomekwa ardhini. Kabla mchezo wa sindimba haujaanza, na tena usiku unapoingia umande na sauti ikalegea, ngoma hizo huinamishwa kwenye moto wa nyasi au mabua mpaka ngozi ikaze. Plastiki aina ya PVC, ambayo ndiyo stika na maganda mengi ya siku hizi, huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 70 hadi 80. Ngoma ya kuchonga ukiivisha stika asubuhi, usiku huohuo itakuwa imekunjamana na kunuka.

Hata pasipo moto, gogo lina maisha yake. Linavuta unyevu masika na kuutoa kiangazi, na nyufa huanzia pale linapozuiwa kufanya hivyo upande mmoja. Tena bungua hupenda mbao, na dalili yao ya kwanza ni unga mweupe unaodondoka kwenye vitundu. Ukishafunika gogo, unga huo hauuoni hadi siku ngoma inapotoboka. Ngoma ya namna hii ipambwe kwa njia ya wachongaji wetu wenyewe, ambao vifuniko na vikopo vyao vya dawa vinatunzwa hadi leo katika makumbusho ya Ulaya: nakshi ya kisu, michoro ya kuunguza kwa chuma cha moto, na mafuta ya kung'arisha. Anayetaka rangi aifunge kanga kiunoni ngoma ikishaota moto, na aivue ngoma inaporudi motoni.

Ganda la kubandika ni la ngoma ya plaiwudi, ile inayokazwa kwa skrubu na kuwambwa ngozi ya plastiki, isiyojua moto. Na huko lilikotoka, ganda hili lilianza kwa kuiga. John Wesley Hyatt wa Marekani alipata hataza ya selulodi mwaka 1870, na kwa muda mrefu plastiki hiyo ilitumika kuigiza vitu vya thamani: pembe za ndovu kwenye vitana na vibonye vya piano, kisha lulu na kome za chaza kwenye dramu. Ringo Starr wa Beatles alipochukua seti yake ya Ludwig katika duka la Drum City, London, mwaka 1963, aliipenda kwa ganda lake jeusi lenye mawimbi ya chaza. Vijana wa dunia nzima wakaanza kutamani mng'ao uleule, na mpaka leo tunautamani bila kujua tumeutoa wapi.

Selulodi ya kwanza ina sifa moja mbaya: ikishika moto haizimiki kirahisi. Mikanda ya filamu ya zama zile ilikuwa ya aina hiyohiyo. Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906 akiwa na kamera ya filamu na mashine ya kunasa nyimbo, alikuwa anapitisha kwenye vijiji vya nyumba za nyasi mzigo ambao cheche moja ingetosha kuulipua. Basi dramu yako ikiwa ya miaka mingi sana, na ganda lake limegeuka manjano na kutoa harufu ya kafuri unapolisugua kwa msasa, usilibandue kwa moto hata kama jirani anakwambia ndivyo wanavyofanya. Libandue kwa kisu butu, taratibu, ukiwa nje.

Tuje kwenye vitu vilivyopo madukani kwetu.

Stika za kupambia bajaji na daladala zinapatikana Masasi mjini, na wanaozibandika wana mkono mzuri kuliko mafundi wengi wa ngoma. Ni nyembamba, haziingizi maji, na hazihitaji gundi. Kwa bendi ya shule inayotembea juani na mvuani, hizi ndizo ningechagua, mradi uombe ile ya kukaa nje, kwani ya ndani hupauka haraka. Udhaifu wake ni kwamba inafuata kila kovu lililo chini yake: shimo la zamani, tone la gundi, hata punje ya mchanga. Mbao isiposuguliwa vizuri, stika itaitangaza.

Mabango ya turubai ya harusi na ya kampeni hutolewa bure shughuli ikiisha, na watu huniletea kwa furaha. Siyapokei. Plastiki yake imelainishwa kwa mafuta ambayo baada ya miezi kadhaa huchuja hadi kwenye gundi, na maungio yakaanza kuteleza. Isitoshe, sioni sababu ya mgombea aliyeshindwa kuwatazama waumini kila Jumapili mpaka uchaguzi mwingine.

Ngozi bandia ya kufunikia viti ni nene mno. Ngozi ya kupigia haitakaa, na sauti itafifia. Gunia la juti la korosho lina haki ya kutajwa huku kwetu, kwa kuwa lipo kila ghala, na kwenye ngoma ya besi linapendeza kweli. Ila kwa unene wake lisipandane penye maungio. Kingo mbili zikutane tu, kisha zifunikwe kwa utepe.

Kilichobaki ni kitambaa, na hapo ndipo nasimama. Pamba iliyolowa gundi ikakauka juu ya plaiwudi inakuwa ngumu na nyembamba kama ganda la kiwandani, haichezi kwa joto la juani juu ya basi, na ikichanika inazibika. Kanga ni nzuri kwa ngoma ndogo, lakini urefu wake ni sentimita 150 hivi, haufiki kuizunguka besi. Tena kanga ina jina. Lisome vizuri kabla ya kukata, maana kuna majina ya mafumbo ya wake wenza ambayo mchungaji asingependa kuyakuta mbele ya mimbari.

Kitenge hakina tatizo hilo, na hesabu yake inalipa. Mzingo wa ngoma ni kipenyo mara 3.14, kisha ongeza inchi moja na nusu ya kupandana. Besi ya inchi 22 inataka kipande cha inchi 70 na ushee. Tomu ya chini ya inchi 16 inataka 52, snea ya 14 inataka 45 na nusu, tomu mbili ndogo za 13 na 12 zinataka 42 na 39. Kitenge cha dukani kina upana wa inchi 45 hivi, na yadi tatu ni inchi 108. Kata ukanda wa kwanza wenye upana wa inchi 16 kwa ajili ya besi yenye kina hicho. Ukanda wa pili, nao wa 16, utoe tomu ya chini na ile ya 13. Ukanda wa tatu wa inchi nane unatosha tomu ya 12 na snea. Jumla umetumia inchi 40 kati ya 45 za upana, na seti nzima ya ngoma tano imevaa sare moja. Kama besi yako ina kina cha inchi 18, bado unabaki na nafasi.

Hizo inchi zinazobaki si za kuchezea, maana kitenge lazima kifuliwe kwanza. Kinatoka kiwandani na uwanga unaozuia gundi kupenya, na kikilowa kwa mara ya kwanza hujikunja kidogo. Afadhali kijikunjie kwenye beseni. Kikiwa bado kibichi, kikandamize kwa kitambaa cheupe. Rangi ikihamia, tafuta kingine.

Gundi iwe ile nyeupe ya mbao, iliyopunguzwa kwa maji kidogo mpaka ipakike kwa brashi. Gundi ya unga wa ngano ni rahisi zaidi na inashika, lakini mende na panya wataila pamoja na kitenge. Gundi ya viatu inashika papo hapo, nawe unahitaji muda wa kusogeza.

Kazi yenyewe ifanywe mvua zikiisha, kuanzia Juni, hewa inapokuwa kavu. Fungua vyuma vyote na kila ngoma iwe na kopo lake la skrubu. Sugua kwa msasa, futa vumbi. Kisha, kwa penseli, piga mstari ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo, katikati ya safu moja ya matundu ya skrubu, kwa sababu maungio yakikaa hapo vyuma vitayaficha na kuyabana. Paka gundi kwenye mbao, siyo kwenye kitambaa, eneo la upana wa kiganja tu. Laza ukingo wa kitenge juu ya mstari, kikandamize kwa tambara kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha paka kiganja kingine. Ngoma ndiyo inayoviringika juu ya kitambaa. Ukikivuta kitambaa kwenye ngoma, maua yatapinda na hutayanyoosha tena. Povu la hewa likijitokeza, litoboe kwa sindano na ulisukume litoke.

Acha hadi kesho yake. Halafu, kwa wembe mpya, kata kitambaa milimita tatu chini ya mdomo wa ngoma pande zote mbili. Hapa ndipo kazi nzuri nyingi huharibika. Ngozi ya kupigia hukaa juu ya mdomo ule, na uzi mmoja ukipanda pale, ngoma itakoroma na utazikaza skrubu hadi zikatike. Matundu yatoboe kutoka ndani kwenda nje, mkato mdogo wa msalaba kwa ncha ya kisu, na usilisahau tundu la hewa lisilo na skrubu, kwani ngoma iliyozibwa tundu hilo hupigwa kama mto wa kulalia. Malizia kwa vanishi ya maji isiyo na rangi, mikono miwili myembamba. Vanishi ya mafuta itakigeuza kitenge cheupe kuwa cha rangi ya chai.

Vyuma vikirudi, kaza skrubu kwa jozi zinazotazamana, nusu mzunguko kwa kila moja. Kwenye ukanda wa besi kitabaki kipande cha yadi moja hivi kwa inchi 16. Kinatosha kushona mfuko wa vijiti, lakini kabla ya kumpa fundi cherehani, kata kiraka cha ukubwa wa kitabu cha nyimbo ukihifadhi gizani ndani ya bahasha. Siku ngoma itakapochubuka, kitenge cha ua lile kitakuwa kimeshakwisha dukani.