Risasi ikimkosa tumbili, inakwenda wapi?

Mahindi yakianza kubeba na viazi vitamu vikinenepa kwenye matuta, kaya nyingi za Shinyanga na Geita huingia kwenye zamu. Mchana ni zamu ya tumbili, nyani na ndege. Usiku ni zamu ya nungunungu na nguruwe pori. Familia iliyolima ekari tatu kwa jasho inaweza kuamka asubuhi ikakuta nusu tuta limefukuliwa, na michembe ya kiangazi imekwenda na wezi wa porini.

Hapo ndipo mazungumzo ya kijiweni hugeuka. Mmoja anasifu gobore la babu yake. Mwingine anasema bila shotigani hufiki popote. Wa tatu, aliyeona video kwenye simu, anataka raifo yenye darubini ya kumpiga tumbili akiwa mita 200. Kila mmoja anapima silaha kwa jinsi inavyolenga.

Mzazi ana kipimo kingine. Katika shamba lenye njia za watu, watoto wanaochunga ng'ombe na majirani wanaochota maji, swali la kwanza ni hili: risasi ikimkosa tumbili, inakwenda wapi?

Kwa nini wanyama wamerudi

Wazee wa Shinyanga wanakumbuka nchi tupu. Wakati wa ukoloni miti mingi ilikatwa ili kufukuza mbung'o, kisha kilimo cha pamba na mifugo mingi vikamaliza iliyobaki. Mwaka 1986 ulianza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliowarudisha watu kwenye desturi ya Wasukuma ya ngitili: kutenga eneo la malisho na kuliacha lipumzike. Vichaka vikarudi, kuni zikapatikana karibu, ng'ombe wakapata majani ya kiangazi.

Lakini kichaka ni nyumba, na wenye nyumba nao wakarudi. Ndege, nyani na fisi hawasomi mpaka kati ya ngitili na shamba la mtama. Kwa hiyo wanyama hawa si mkosi wala laana. Ni gharama ya neema ile ile inayotupa kuni na malisho, na tunatakiwa kuishi nayo kwa akili.

Gobore

Hii ndiyo silaha inayotajwa zaidi vijijini, na ndiyo ya kuogopwa zaidi na mwenye watoto. Gobore hushindiliwa baruti na vipande vya chuma au goroli kupitia mdomo wa mtutu. Likishashindiliwa, halina njia rahisi ya kutolewa kilichomo. Matokeo yake, mwenye nalo hulitundika ukutani au kuliegemeza ghalani likiwa limejaa, siku baada ya siku, likisubiri tumbili. Mtoto anayelishika anashika silaha iliyo tayari.

Tatizo la pili ni mtutu wenyewe. Magobore mengi yametengenezwa na mafundi wa kienyeji kwa bomba ambalo halikukusudiwa kuhimili mlipuko. Baruti ikizidi kidogo, bomba hupasuka karibu na uso na mikono ya mpigaji. Na vipande vinavyotoka mbele havina umbo moja, hivyo havifuati mstari mmoja. Mpigaji analenga nyani, lakini hawezi kuapa kila kipande kimeelekea wapi.

Shotigani

Shotigani hutupa marisau, punje nyingi kwa pamoja, ndiyo maana wengi huipendea ndege na wanyama wadogo wanaokimbia. Kwa kipimo chetu ina jambo moja zuri: punje ndogo za ndege huishiwa nguvu mapema, kwa kawaida ndani ya mita mia mbili na kitu. Punje kubwa za kuulia nguruwe ni habari nyingine. Hizo zinaweza kupita mita 500.

Ubaya wake ni kutawanyika. Kadiri umbali unavyoongezeka, ndivyo duara la punje linavyopanuka. Mtoto aliyesimama hatua chache kando ya mnyama anaweza kuwa ndani ya duara hilo bila mpigaji kujua.

Raifo

Raifo ndogo ya .22 huonekana kama kitu cha mchezo. Mlio wake ni mdogo, haipigi bega, na risasi yake ina uzito wa gramu 2.6 hivi. Lakini risasi hiyo ikipigwa juu kidogo inaweza kusafiri kilomita 2. Hesabu mwenyewe: kutoka shambani kwako kilomita 2 ni wapi? Pengine ni shule ya msingi. Katika ukanda wa dhahabu inaweza kuwa duara la wachimbaji wadogo lenye mamia ya watu. Raifo kubwa, kama .30-06, hupeleka risasi zaidi ya kilomita 4.

Walenga shabaha wa Marekani wanaowinda wanyama wadogo waharibifu hupenda risasi nyepesi zenye kasi kubwa sana, kama .223 na .22-250, ambazo hukimbia takriban mita 1,000 kwa sekunde au zaidi. Usahihi ni sababu moja. Sababu nyingine ni kwamba risasi laini ya aina hiyo, ikigonga udongo, huelekea kuvunjika vipande vidogo badala ya kuruka na kuendelea na safari. Risasi ya polepole ya .22 hugonga jiwe au ardhi ngumu na mara nyingi huchepuka kwenda usikokutarajia.

Mlenga shabaha makini hatazami shabaha tu. Hutazama kilicho nyuma yake. Hapigi mnyama aliye juu ya mti au kwenye mstari wa upeo wa macho, kwa kuwa nyuma yake hakuna kitu ila anga. Hupiga pale penye kilima, ukingo wa udongo au kichuguu kikubwa cha kuipokea risasi. Sasa fikiria majaruba ya mpunga ya Shinyanga, tambarare hadi jicho linapochoka. Fikiria tumbili, ambaye makazi yake ni matawi. Mazingira yetu na mnyama wetu vyote vinakataa kanuni ya kwanza ya ulengaji.

Adui ambaye bunduki haimwezi

Kwelea kwelea ana uzito wa gramu 20 hivi na hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni moja linaweza kula tani 10 kwa siku. Hakuna bunduki ya kupunguza kundi hilo. Dawa yake ni taarifa ya mapema kwa ofisa kilimo wa kata, ili mazalia yanyunyiziwe kwa ndege chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA.

Na hapa kuna onyo kwa mama na baba: kwelea waliokufa baada ya kunyunyiziwa si kitoweo. Dawa inayotumika ni sumu hata kwa binadamu. Watoto wakija na ndege waliookota, wafukieni na waoshe mikono kwa sabuni.

Walivyofanya wazee

Usukuma ulikuwa na chama cha wawindaji wa nungunungu, Banunguli, waliowafuata wanyama hao hadi kwenye mashimo yao ili kulinda mazao. Ilikuwa kazi ya watu wazima waliofundishwa, wenye taratibu na ngoma zao. Haikuwa kazi ya kumpa mtoto silaha na kumwambia akalale shambani.

Ulinzi unaofaa hadi leo ni ule wa pamoja. Majirani wanaopakana hupanda kwa wakati mmoja na kugawana zamu, badala ya kila kaya kulala kwenye dungu lake. Mbwa wawili watatu, kelele za mabati na ukanda uliofyekwa kati ya kichaka na shamba humnyima nyani mahali pa kujificha. Mazao matamu hupandwa karibu na nyumba, na kando ya kichaka hupandwa kitu kisichopendwa, kama pilipili. Mazao yaliyokomaa huvunwa bila kuchelewa.

Manati na kombeo ni silaha za watoto wetu tangu zamani, na husaidia kuamia ndege. Lakini jiwe la manati hutoboa jicho. Sheria ya nyumbani iwe moja: manati haielekezwi kwa mtu hata kwa utani. Na zamu ya kuamia isile siku za shule. Nyani naye, wakulima wengi watakuambia, hamwogopi mtoto kama anavyomwogopa mtu mzima.

Sheria inasemaje

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kila silaha iwe na leseni, na gobore ni silaha. Maombi huanzia serikali ya kijiji au mtaa na kupanda hadi polisi wa wilaya na mkoa. Leseni ni ya mtu, si ya kaya: baba akisafiri, bunduki haihamii kwa kijana wa kidato cha pili.

Leseni ya bunduki pia si kibali cha kuua wanyama. Wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009. Kundi likizidi, au fisi akianza kuzunguka nyumba, mahali pa kwenda ni kwa ofisa wanyamapori wa wilaya au TAWA kupitia mtendaji wa kijiji.

Kama kuna gobore la urithi lisilo na karatasi, lisalimishwe. Serikali imekuwa ikitoa vipindi vya msamaha. Vilikuwapo mwaka 2022 na 2023. Sikilizeni tangazo la kipindi kingine, na muulizeni mwenyekiti au polisi kata utaratibu wa kukabidhi. Msijaribu kulitoa baruti wenyewe, wala msimtume mtoto kulibeba.

Ndani ya nyumba

Kwa kaya yenye bunduki halali, mambo ni machache. Bunduki ikae bila risasi, ndani ya sefu au sanduku la chuma lenye kufuli. Risasi zikae kwingine, nazo kwa kufuli. Ufunguo usitundikwe mahali ambapo kila mtu anapajua. Juu ya kabati si maficho. Mtoto wa miaka mitano anajua kupanda kiti. Na mama ana haki ya kujua bunduki iko wapi na kama imefungwa, hata kama leseni si yake.

Watoto wafundishwe maneno manne, wayarudie kama wimbo: simama, usiguse, ondoka, sema. Asimame anapoiona silaha, asiiguse, aondoke hapo na wenzake, amwambie mtu mzima. Kwa wanaoishi jirani na machimbo, kama Nyarugusu au Mgusu, maneno hayo hayo yatumike kwa waya, fataki au kipande chochote cha baruti kilichookotwa njiani. Mwulize mtoto wako leo atafanya nini akikuta kitu hicho kwa rafiki yake, kisha msikilize anavyojibu.

Tuta la viazi likifukuliwa, hasara inauma, lakini msimu ujao utalimwa tena. Kabla hujaleta silaha nyumbani, simama katikati ya shamba lako, geuka pande zote nne, uhesabu nyumba, njia na visima unavyoviona. Kama hakuna upande ambao risasi iliyokosa itatua salama, shamba lako limeshakujibu.