Sakafu ya Mawe: Chagua kwa Hekima, Itunze Vyema

Mama mwenzangu, sakafu ya mawe ya asili inapendeza na hudumu miaka mingi. Lakini juu ya sakafu hiyo hiyo mtoto atatambaa, na bibi ataikanyaga usiku akienda msalani. Katika kazi ya uuguzi nimewahudumia wazee waliovunjika nyonga kwa kuteleza nyumbani. Basi kabla ya kulipia mawe, wafikirie kwanza watakaoyakanyaga.

Kuchagua

Mawe hayafanani. Marumaru na mawe ya chokaa huliwa na asidi: ndimu, siki, hata maji ya chungwa yakimwagika huacha alama iliyofifia. Itale ni gumu zaidi na linafaa jikoni. Jiwe la Mazeras, litokalo karibu na Mombasa, ni jiwe la mchanga. Uso wake una mkwaruzo, hivyo hufaa barazani, ingawa hunywa maji na mafuta.

Mwombe muuzaji kipande kidogo ukakijaribu. Dondoshea siki: likitoa povu, lina chokaa. Dondoshea maji upande wa pili, usubiri dakika 10. Mahali hapo pakiwa peusi zaidi, jiwe linanyonya na litahitaji kuzibwa. Kwa bafuni, kataa mawe yaliyong'arishwa kama kioo, hata fundi akiyasifu.

Fundi anapokata mawe, atumie maji na avae barakoa nzuri. Vumbi la itale na la mawe ya mchanga huweza kuharibu mapafu yasipone tena. Watoto wakae mbali.

Kuziba

Subiri saruji ikauke vizuri, kama wiki 4. Fagia, osha, acha pakauke. Paka dawa ya kuziba mawe kwa kitambaa safi, uiache inywewe kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha futa yote iliyobaki juu, isije ikaacha utando. Fungua madirisha na uzime jiko, kwani baadhi ya dawa hizi hushika moto upesi. Mama mjamzito na mwenye pumu wasiwemo ndani.

Elewa jambo moja: dawa hii huchelewesha madoa, lakini haizuii asidi kula marumaru. Kila mwaka rudia jaribio la maji. Yakinyonywa, paka tena.

Kutunza

Fagia kila siku, maana mchanga wa viatuni hukwaruza jiwe. Piga deki kwa maji na sabuni kidogo isiyo kali, kisha suuza. Sabuni ikibaki huleta utelezi. Kilichomwagika kifutwe mara moja. Kwa doa la mafuta, koroga magadi ya kuokea na maji yawe kama uji mzito, paka, funika kwa nailoni usiku kucha, kisha futa.

Usitumie siki, ndimu wala dawa ya choo kwenye marumaru. Na kamwe usichanganye dawa ya klorini ya kung'arishia nguo na dawa ya choo au siki. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Ukishikwa na kikohozi ghafla, toka nje upesi pamoja na watoto, na kifua kikibana nenda hospitali.

Mwisho, mlangoni mwa bafu weka zulia lenye mpira chini, na usiku acha taa ikiwaka kwa ajili ya wazee.