Je, Wajua? Kutoka Mshale wa Kirangozi hadi Tochi ya Trafiki

Kata ya Ntalikwa imo ndani ya Manispaa ya Tabora, katika iliyokuwa nchi ya Unyanyembe, ambako misafara ya biashara ya Bagamoyo na ile ya Ujiji ilikutana. Kwa miaka mingi njia za huku zilikuwa za mguu, kisha za vumbi, na leo lami imeshika pande nyingi za mkoa. Pale lami inapowekwa au kuzibwa viraka, dereva hukutana na mchepuko, lundo la kifusi, kibao cha mwendo, na kijana aliyesimama juani na bendera mkononi. Wengi humpita kijana huyo bila kumtazama usoni. Haya hapa mambo machache yanayoonesha kwamba kazi yake ina historia ndefu, na kwamba kibao kile kimewekwa kwa sababu.

Je, wajua kwamba bendera nyekundu ilitangulia gari katika njia ya Tabora?

Kila msafara ulikuwa na kirangozi, yaani kiongozi wa njia, na mara nyingi alikuwa Mnyamwezi. Yeye ndiye aliyetangulia, amevaa vazi jekundu na kofia ya ngozi ya mbega. Misafara iliyotoka Zanzibar ilijulikana kwa bendera yake nyekundu, mara nyingi imechanwachanwa na miiba. Nyuma ya bendera alifuata mpiga ngoma, kisha mstari mrefu wa wapagazi wenye pembe za ndovu, nguo na shanga. Bendera ikisimama, msafara wote ulisimama.

Je, wajua kwamba mwenye haraka alinyang'anywa mshale?

Richard Burton, Mwingereza aliyepita njia hii mwaka 1857, aliandika kuhusu kanuni moja ya wapagazi. Hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia kirangozi. Aliyethubutu, mshale mmoja ulichomolewa kwenye podo lake ukahifadhiwa, ili mwisho wa safari ya siku hiyo ajulikane ni nani.

Hebu linganisha na leo. Trafiki wa Tanzania hupiga tochi, yaani kifaa cha kupima mwendo, na picha yenye namba ya gari, saa na mwendo hutumwa kwenye simu ya mwenzake aliye mbele. Ukifika kwake, anakusimamisha na kukuonesha. Mshale ulikuwa ushahidi, na picha ni ushahidi. Njia zote mbili zimejengwa juu ya wazo moja: asiyekamatwa papo hapo atakutana na kosa lake mbele ya safari.

Je, wajua kwamba kutoka pwani hadi Tabora ilichukua siku 134?

Burton na mwenzake John Speke waliondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, mwishoni mwa Juni 1857. Waliingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, siku ya 134 ya safari. Burton alikadiria kwamba walikuwa wametembea angalau maili 600, yaani kilomita 960 na zaidi. Ukigawanya, unapata kama kilomita 7 kwa siku, ukihesabu pamoja na siku za maradhi, za mapumziko na za kusubiri wapagazi. Gari likienda kilomita 80 kwa saa humaliza kilomita 7 kwa dakika 5 na sekunde chache.

Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, miguu ya wapagazi ilipumzika. Hata hivyo mwili wa binadamu haukubadilika. Mguu uliotembea na pembe mwaka 1857 ni sawa na mguu wa kijana anayeshika bendera leo, na mfupa wake huvunjika vilevile.

Je, wajua kwamba Uingereza nayo ilimtanguliza mtu wa bendera?

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1865 iliamuru kila gari la mvuke barabarani litanguliwe na mtu anayetembea kwa miguu, umbali wa kama mita 55 mbele, akiwa na bendera nyekundu. Mwendo wa juu ulikuwa kama kilomita 6 kwa saa mashambani na kilomita 3 mijini. Januari 1896, Walter Arnold alipita kijiji cha Paddock Wood huko Kent kwa mwendo wa kilomita 13 kwa saa, mara nne ya ulioruhusiwa. Askari alimfukuza kwa baiskeli mpaka akamkamata. Kwa kosa la mwendo alitozwa shilingi moja na gharama za kesi. Anatajwa kuwa miongoni mwa madereva wa kwanza duniani kuadhibiwa kwa mwendo kasi.

Mwaka huohuo sheria ililegezwa, na mtu wa kutangulia gari akaondolewa. Lakini pale barabara inapotengenezwa, mtu wa bendera yupo hadi leo katika nchi nyingi.

Je, wajua namba mbili ambazo kila dereva wa Tanzania anapaswa kuzijua?

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Nje ya maeneo hayo, mabasi ya abiria na magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500 hayaruhusiwi kuvuka kilomita 80. Kibao kilichosimamishwa barabarani kinaweza kushusha namba hizo, na ndivyo inavyokuwa kwenye matengenezo. Kumbuka pia lugha ya vibao: pembetatu yenye ukingo mwekundu inakuonya, ila duara lenye ukingo mwekundu na namba ndani yake linakuamuru.

Je, wajua kwamba mwendo ukizidi mara mbili, kishindo huzidi mara nne?

Nishati ya gari linalotembea hukua kwa mraba wa mwendo wake. Gari la kilomita 80 halimgongi mtu kwa nishati maradufu ya gari la kilomita 40. Humgonga kwa nishati mara nne. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hatari ya kufa kwa mtembea kwa miguu anayegongwa na sehemu ya mbele ya gari huongezeka mara 4.5 pale mwendo wa gari hilo unapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Shirika hilo linasema pia kwamba ukipunguza mwendo wa wastani kwa asilimia 5 tu, ajali zenye vifo zinaweza kupungua kwa asilimia 30.

Upo pia umbali wa kusimama. Kitabu cha kanuni za barabara cha Uingereza kinakadiria kwamba gari dogo lenye breki nzima, kwenye lami kavu, linahitaji mita 12 kusimama likiwa kwenye kilomita 32 kwa saa, mita 23 kwenye kilomita 48, na mita 53 kwenye kilomita 80. Kati ya hizo 53, mita 15 huisha kabla mguu haujagusa breki, dereva akiwa bado anatambua alichokiona. Sasa ondoa lami kavu, weka kokoto zinazoteleza, vumbi la gari lililotangulia na tope la masika. Mita 53 hazitoshi tena.

Je, wajua tochi inavyojua mwendo wako?

Zipo za aina mbili. Ya kwanza hutumia mawimbi ya rada: yanatoka kwenye kifaa, yanagonga gari, yanarudi yamebadilika, na badiliko hilo linaonesha mwendo. Kanuni hiyo ilielezwa na Christian Doppler, mwanasayansi wa Austria, mwaka 1842, na ndiyo inayofanya sauti ya honi ibadilike basi linapokupita. Ya pili hutumia mwanga wa leza. Kifaa hurusha mapigo mengi ya mwanga, hupima muda wa kila pigo kwenda na kurudi, kisha hukokotoa umbali unavyopungua.

Majina ya mtaani nayo yana utamu wake. Tanzania tunasema mtu amepigwa tochi. Rwanda, ambako baadhi ya malori yanayopita Nzega, mkoani humu, huelekea, kamera za barabarani zimepewa jina la mwanamke: Sofia.

Je, wajua kwamba aliyetengeneza kamera ya mwendo alitaka kwenda kasi zaidi?

Maus Gatsonides alikuwa Mholanzi na bingwa wa mashindano ya magari. Mwaka 1953 alishinda mashindano ya Monte Carlo. Alibuni kifaa cha kupima mwendo wake mwenyewe ili ajue ni kona ipi inampotezea muda. Mwaka 1958 alianzisha kampuni, na kifaa kile kikawa msingi wa kamera ambazo polisi wa nchi nyingi wamezitumia kuwapunguza mwendo madereva wengine.

Je, wajua kwamba kamera mbili hushinda moja?

Dereva anayeijua kamera hupunguza mwendo mbele yake, kisha hukanyaga mafuta akishaipita. Kwa wafanyakazi wa barabara waliotawanyika kilomita kadhaa, kamera ya namna hiyo inamlinda mmoja na kuwaacha wengine. Ndiyo maana Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1990, ilianza kutumia kamera za mwendo wa wastani, na leo ni za kawaida kwenye matengenezo ya barabara zake kuu. Ya kwanza husoma namba ya gari unapoingia, ya pili huisoma unapotoka. Umbali unagawanywa kwa muda, basi. Kupunguza mwendo mbele ya kamera hakusaidii kitu.

Hesabu hiyo inatufunulia pia jinsi tunavyojidanganya kuhusu haraka. Kipande cha matengenezo cha kilomita 4, ukienda kilomita 80 kwa saa, kinaisha kwa dakika 3. Ukienda 40, dakika 6. Kinachogombaniwa hapo ni dakika 3. Hata barabara nzima ya Nyahua hadi Chaya, kilomita 85.4 za lami zinazoiunganisha Tabora na Singida, ukiikimbiza kwa 100 badala ya 80 unaokoa dakika 13 hivi.

Je, wajua kilichotokea Baltimore mwaka 2023?

Machi 22, 2023, kwenye barabara kuu ya 695 karibu na jiji la Baltimore, Marekani, gari lililokuwa kwenye mwendo mkali liligusana na jingine, likapenya kwenye uwazi wa vizuizi vya zege na kuingia eneo la kazi. Wafanyakazi 6 walikufa. Wakati huo faini ya kamera ya eneo la matengenezo katika jimbo la Maryland ilikuwa dola 40. Mwaka uliofuata jimbo liliipandisha hadi dola 290, kisha likaweka viwango vinavyopanda kadiri mwendo unavyozidi. Vizuizi vya zege vilikuwepo, kamera zilikuwepo katika jimbo, na bado watu 6 hawakurudi nyumbani. Kwetu, mara nyingi kinachotenganisha lori na kibarua ni koni, utepe na bendera.

Je, wajua kwamba majani ni alama ya kale?

Lori likiharibika barabarani, dereva wa Tanzania hukata matawi na kuyapanga nyuma yake, hata kama ana pembetatu zake za kuakisi mwanga. Waliotangulia katika misafara nao walifunga kwa tawi njia isiyofaa, ili wa nyuma wasipotee. Tawi barabarani lina maana ileile leo: aliyepita hapa kabla yako anakuomba uwe makini.

Neno la mwisho

Faini ya papo kwa papo madereva wa Tanzania wameizoea. Hulipika. Kinacholindwa na kibao cha matengenezo hakilipiki kwa namba yoyote ya malipo. Kwa hiyo ndugu dereva, ukiona kibao cha kwanza, ondoa mguu kwenye mafuta hapohapo, kabla ya kuona bendera na bila kujiuliza kama kuna tochi. Usimpite aliye mbele yako ndani ya mchepuko. Nawe abiria, dereva akikimbiza, mwambie. Wazee wetu wa njia hii walijua kwamba mwenye bendera hatanguliwi, na walifika.