Viazi vya Kuponda vya Paris na Uyoga Uitwao Trufi

Mtu akisikia habari za mikahawa mikubwa ya Paris, ambako mlo mmoja waweza kumaliza mshahara wa mwezi wa kibarua, hudhani kwamba sifa za wapishi wake zimetokana na nyama za ajabu au samaki wa bahari ya mbali. Lakini Joël Robuchon, aliyehesabiwa miongoni mwa wapishi wakuu wa dunia katika karne ya 20, alijulikana zaidi kwa viazi vya kuponda. Viazi, siagi, maziwa na chumvi, basi. Ni vitu vinne ambavyo mama wa Njombe au wa Limuru aweza kuvipata sokoni kabla jua halijawa kali.

Robuchon alizaliwa mwaka 1945 katika mji wa Poitiers, mtoto wa mwashi. Alipokuwa na miaka 12 aliingia seminari ndogo ya Mauléon, akiwa na nia ya kuwa padri. Huko alikuwa akiwasaidia masista katika kazi za jikoni, na humo jikoni ndimo alimoipata kazi yake ya maisha. Alipofika miaka 15 aliingia uanagenzi wa upishi hotelini. Mwaka 1981 alifungua mkahawa wake Paris, ulioitwa Jamin, na mwaka 1984 ukapewa nyota tatu za kitabu cha Michelin, ambayo ndiyo daraja ya juu kabisa. Alifariki mwaka 2018. Wageni wake walikula mengi ya thamani, lakini waliloondoka wakilisimulia ni kile kisahani cha viazi kilichowekwa kando ya nyama.

Wafaransa wenyewe walichelewa kukiamini kiazi. Mwaka 1748 kilimo chake kilikatazwa kwa amri, maana watu walidhani kwamba huleta ukoma. Aliyewageuza mawazo ni mtaalamu wa dawa wa jeshi, Antoine-Augustin Parmentier. Alishikwa mateka na Waprusi vitani, akalishwa viazi gerezani, akatoka mzima na mwenye nguvu. Tangu hapo hakunyamaza. Mwaka 1772 chuo cha waganga cha Paris kilitangaza kwamba kiazi hakina madhara. Tena husimuliwa kwamba alipanda shamba la viazi karibu na Paris, akaliwekea askari mchana na kuwaondoa usiku, ili watu waone kwamba mle mna mali, waje waibe. Wakaja, wakaiba, wakapanda kwao. Hata leo katika mapishi ya Kifaransa ukiona jina la Parmentier, ujue kwamba mna viazi.

Sasa tuje kwenye upishi. Labda mtu atasema, kuponda viazi kwahitaji elimu gani? Hata mtoto aweza. Naam, aweza kuponda, lakini tazama matokeo: mara nyingi huwa ama vidonge vidonge, ama rojo zito linalonata kwenye kaakaa. Sababu yake yafaa ijulikane, maana anayeijua hatakosea tena.

Ukikitazama kiazi kwa darubini utaona kuwa kimejengwa kwa vijumba vidogo sana, na ndani ya vijumba hivyo mna punje za wanga. Kiazi kinapopata joto la maji, yapata nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi, punje zile hunywa maji na kuvimba. Zikibaki ndani ya vijumba vyake, kiazi huwa laini na chepesi kinywani. Vijumba vikipasuliwa, wanga hutoka nje, na wanga uliotoka nje ni gundi. Nasema gundi kwa maana yake halisi, ni jamaa wa ile iliyopikwa kwa unga wa muhogo ili kubandika karatasi shuleni. Ndiyo maana viazi vilivyotwangwa kinuni, au vilivyosagwa kwa blenda, huvutika kama ulimbo. Kazi yote ya mpishi ni kuvitenganisha vijumba pasipo kuvipasua.

Chagua viazi vya ukubwa mmoja, ili viive pamoja. Kilo moja yatosha watu sita. Robuchon alipenda kiazi kidogo cha Kifaransa kiitwacho ratte, kigumu kidogo na chenye ladha iliyo karibu na ya njugu. Sisi tutafute chenye nyama ya manjano, kisichopasuka upesi. Kiazi cha unga chafaa pia, ila kipikwe kwa moto wa polepole. Kilichogeuka rangi ya kijani, au kilichochipua sana, kiache kabisa, maana kina sumu.

Osha viazi, wala usivimenye. Ganda huzuia maji yasiingie na ladha isitoke. Vitie sufuriani pamoja na maji baridi, yavifunike kwa kina cha vidole viwili, na chumvi gramu 10 kwa kila lita, yaani karibu vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa. Mtu akianza na maji ya moto, nje ya kiazi huiva na kuvurugika hali ndani bado ni kibichi. Chemsha kwa moto wa kiasi dakika 25 hadi 35. Chomeka kisu, kikitoka pasipo kukinyanyua kiazi, vimeiva. Mwaga maji mara moja.

Vimenye vingali moto, ukivishika kwa kitambaa. Hapa watu wengi husubiri vipoe, nao huharibu, kwa kuwa wanga ukipoa hukaza, na viazi havipondeki vizuri tena. Kisha vipitishe katika kile kinu kidogo cha chuma chenye mpini wa kuzungusha na matundu chini. Asiye nacho atumie chekeche la waya, akisukuma kiazi kwenda chini kwa mgongo wa kijiko, wala asisugue kwa kuzungusha. Kazi hii huchosha mkono. Hakuna njia ya mkato.

Rudisha viazi sufuriani, juu ya makaa machache yaliyofunikwa na jivu, ukavigeuzegeuze kwa mwiko dakika nne au tano. Utauona mvuke ukipanda. Hayo ni maji yanayoondoka kuipisha siagi. Hatua hii ndiyo irukwayo kuliko zote, na ndiyo inayotenganisha viazi vya kawaida na viazi vya kukumbukwa.

Sasa siagi. Robuchon aliandika gramu 250 kwa kilo moja ya viazi. Iwe baridi, imekatwa vipande vidogo, itiwe kidogo kidogo huku ukikoroga kwa nguvu. Mtu atauliza, mbona sasa twakoroga kwa nguvu baada ya kuonywa? Ni kwa sababu mafuta ya siagi huuzunguka ule wanga, hata hauwezi tena kunywa maji na kunata ovyo. Ndiyo maana siagi hutangulia, na maziwa hufuata. Anayetia maziwa kwanza hugeuza mambo. Maziwa ni robo lita, yasiyopunguzwa mafuta, yaliyochemshwa na yangali moto, yamiminwe kama uzi mwembamba. Ukitaka viwe laini kama malai, vipitishe tena katika chekeche.

Robo kilo ya siagi ni nyingi, kwa mfuko na kwa moyo. Mtu aliyeonywa na daktari kuhusu mafuta asidanganywe na sifa za Paris. Kwa nyumba ya kawaida gramu 100 zatosha, na mgeni hatalalamika. Lakini iwe siagi ya maziwa. Majarini ni kitu kingine, nayo katika chakula chenye vitu vinne tu hujitangaza.

Huko Ufaransa, viazi hivi vikitakiwa kuwa vya sikukuu, hutiwa trufi. Trufi ni aina ya uyoga, lakini haitokezi juu ya ardhi. Hukua chini ya udongo, mviringo, kama kiazi kidogo chenye ngozi ya mabaka. Ile nyeusi, ipendwayo Ufaransa, huishi kwenye mizizi ya mialoni na ya miti mingine kadhaa. Uyoga huupa mti maji na chumvi za udongo, nao mti huupa uyoga sukari. Huvunwa wakati wa baridi, toka Desemba hadi Machi. Zamani walitumia nguruwe kuinusa, lakini nguruwe akiiona huila, kwa hiyo siku hizi wengi hutumia mbwa, ambaye huridhika na kipande cha mkate. Ile nyeupe ya Alba, Italia, ni ya ghali zaidi, nayo haipikwi, huparuzwa mbichi mezani. Iko pia trufi ya jangwani, ambayo watu wa Ghuba huiita faga, itokezayo baada ya mvua. Hiyo harufu yake ni ndogo, huliwa kama mboga.

Katika kijiji cha Richerenches, kusini mashariki mwa Ufaransa, kila mwaka mwezi wa Januari huadhimishwa Misa ya trufi, desturi iliyoanza mwaka 1952. Wakati wa matoleo kikapu hupitishwa, na wakulima hutia trufi badala ya fedha. Baada ya Misa hupigwa mnada mbele ya watu, na fedha zake ni za kanisa. Sisi tuliozoea kuona kuku na mikungu ya ndizi ikinadiwa uwanjani baada ya ibada hatuwezi kushangaa. Msimamizi wao ni Mtakatifu Antoni Abati, ambaye wachoraji humweka na nguruwe miguuni. Sijui kama mbwa wameridhika na mpango huo.

Bei ya trufi nyeusi hupanda na kushuka, ila kilo moja ni mamia ya euro, na mara nyingine hupita 1,000. Tufanye hesabu: kilo ikiwa euro 1,000, gramu 20 za kutosha sufuria yetu ni euro 20. Ni ghali, lakini ni kidogo, kwa kuwa trufi hailiwi kwa shibe. Kazi yake ni harufu, na harufu yake hupenda mafuta. Kwa hiyo wajuzi huikwangua ndani ya siagi laini siku moja kabla, wakaifunika vizuri na kuiweka mahali pa baridi, kisha hutumia siagi hiyo kwenye viazi. Hata mayai yakifungiwa chombo kimoja na trufi hunukia, harufu ikipenya ganda. Neno moja tu: isichemshwe. Siagi yenye trufi itiwe mwisho, baada ya sufuria kuondolewa motoni, la sivyo zile euro 20 zitapaa na mvuke.

Hapo ndipo wajanja walipoona biashara. Katika maduka makubwa ya mijini, na hata ya kwetu, huuzwa chupa ndogo za mafuta ya trufi. Nyingi ya chupa hizo ni mafuta ya zeituni au ya alizeti yaliyotiwa harufu iliyotengenezwa kiwandani. Dawa yenyewe ni misombo ya salfa, na itumiwayo zaidi huitwa kwa jina la kikemia dithiapenteni. Kweli, hiyo imo katika trufi nyeupe, ila pale imeandamana na harufu nyingine nyingi, kama sauti moja ndani ya kwaya. Katika chupa hupiga kelele peke yake. Kile kipande cheusi kinachoelea ndani mara nyingi ni pambo tu. Sisemi kwamba ni sumu. Nasema kwamba mtu analipa bei ya trufi kwa kitu kisicho trufi, kisha anaharibu viazi alivyovitolea jasho. Soma karatasi ya chupa: ikiandikwa harufu au ladha ya trufi, irudishe rafuni. Hata trufi nzima yataka macho, maana iko aina ya Uchina ifananayo sana na ile nyeusi, nayo harufu yake ni hafifu.

Jikoni kwetu liko jambo jema zaidi la kufanya. Misitu ya miombo, toka Tabora hadi Iringa, ina uyoga uishio na mizizi ya miti kwa mkataba ule ule wa trufi na mwaloni, na watu huukausha kwa ajili ya kiangazi. Nunua kwa mwenye kuujua, wala usiokote mwenyewe usioujua, kwa kuwa mwingine huua. Loweka konzi moja ya uyoga mkavu katika maji ya moto kwa nusu saa, uuoshe mchanga, uukatekate sana, uukaange polepole katika siagi pamoja na kitunguu saumu kimoja hadi ukaukie. Changanya na viazi mwishoni, nje ya moto. Haitakuwa harufu ya trufi, nayo haijifanyi kuwa ndiyo.

Vikibaki, usivirudishe motoni moja kwa moja, kwani siagi itajitenga. Weka bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka, ongeza kijiko kimoja au viwili vya maziwa ya moto, ukoroge taratibu hadi vilainike.