Dereva wa Muda na Lori la Mavuno

Mahindi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu huvunwa hasa kati ya mwezi wa Oktoba na Desemba. Katika miezi hiyo kila lori hupata kazi, hata lile lililolala uani tangu mavuno yaliyopita. Magunia yangoja shambani, mvua yatishia, mnunuzi wa Nakuru au Nairobi apiga simu kila asubuhi, na madereva wa kudumu hawatoshi. Hapo ndipo mwenye lori humtafuta dereva wa muda: mtu wa safari moja, wa juma moja, au wa msimu mzima.

Hapana aibu yo yote katika kazi ya muda. Madereva wengi hodari walianza hivyo, wakajulikana kwa bidii yao, na baadaye wakaandikwa kazi ya kudumu. Lakini yafaa tukumbuke kwamba siku ya kwanza dereva wa muda na lori lake hawajuani. Hajui breki zake hushika wapi, hajui gia ipi ni ngumu, hajui tairi lipi lilizibwa jana. Mwenye lori naye hamjui dereva ila kwa maneno ya mtu aliyemleta. Makala haya yataeleza mambo ambayo kila mmoja wao yampasa kuyatazama kabla gurudumu halijageuka.

Wazee wetu waliifahamu shida hii zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waafrika wengi wa Kenya, Uganda na Tanganyika walifunzwa kuendesha malori katika kikosi cha usafirishaji cha jeshi la Afrika Mashariki, na wakapeleka chakula na risasi hata Uhabeshi na Burma. Waliporudi, wengi wao walipata riziki kwa usukani. Jeshini hawakufunzwa kuendesha tu. Walifunzwa pia kulitunza lori na kulikagua, kwa sababu lori likiharibika njiani askari wa mbele hukosa chakula. Shabaha ya mafunzo hayo haijabadilika hata leo.

LESENI NA DARAJA LAKE

Jambo la kwanza ni leseni. Sheria ya Barabarani ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1954 na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo, yasema kwamba mtu asiendeshe gari la aina ambayo leseni yake haikutaja. Mwenye leseni ya daraja la B ameruhusiwa gari dogo, wala hawezi kusema, "Usukani ni usukani," akapanda lori. Lori lataka daraja la C, na lori lenye trela lataka daraja la CE.

Wengi hufikiri kosa hili ni la dereva peke yake. Sivyo. Sheria hiyo hiyo yamkataza mwenye gari kumruhusu mtu asiye na leseni ifaayo kuliendesha. Basi mkulima anayempa kijana funguo bila kuitazama leseni yake amejitia mwenyewe kosani. Tena mikataba mingi ya bima huweka sharti kwamba dereva awe na leseni ya gari lile. Sharti hilo likivunjwa, mwenye lori aweza kujikuta akidaiwa gharama ambazo alidhani amekwisha kuzilipia. Ada ya bima ya mwaka mzima yaweza kupotea kwa safari moja.

Kwa hiyo usitosheke na kuonyeshwa leseni kwa mbali. Ishike mkononi, tazama daraja, tazama tarehe ya mwisho, linganisha picha na uso. Ukiwa na shaka, uliza habari zake kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, yaani NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012.

SIKU YA KWANZA

Leseni yaonyesha kwamba mtu alishinda mtihani. Haionyeshi kwamba alijua lori hili. Ni desturi njema mwenye lori, au dereva wake wa zamani, akae na mgeni kitini kwa mwendo mfupi bila mzigo, kisha kwa mwendo mfupi na mzigo. Saa moja ya namna hii hufundisha mambo ambayo mdomo hauwezi kuyafundisha kwa siku nzima.

Kisha dereva mgeni alizunguke lori kwa utaratibu ule ule kila asubuhi, akianzia mlango wake na kurudi mlango wake, asirukeruke. Atazame mafuta ya injini na maji ya radieta kabla injini haijapata moto. Atazame tairi zote, na zile za ndani katika jozi za nyuma asizisahau, kwani huko ndiko jiwe hujificha. Aguse nati za magurudumu. Alama ya kutu inayotiririka chini ya nati mara nyingi ni dalili kwamba imelegea. Awashe taa zote, na utingo asimame nyuma kumwambia kama za breki zawaka.

Malori makubwa hutumia breki za upepo, na hizi zina masharti yake. Dereva asiondoke kabla mshale wa upepo haujapanda na taa ya onyo haijazimika. Kisha azime injini, akanyage breki, asikilize. Akisikia upepo ukivuja, au akiona mshale washuka upesi, lori hilo lisiende safari, hata kama magunia yamekwisha kupakiwa. Mitungi ya upepo nayo hukusanya maji, yapasa kufunguliwa na kumwagwa mara kwa mara. Kazi hizi zote hazichukui hata nusu saa.

HESABU YA MAGUNIA

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 imeweka mipaka ya uzito. Ekseli ya mbele, ile ya usukani, isizidi tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye tairi mbili mbili kila upande isizidi tani 10. Basi lori la ekseli mbili, pamoja na mzigo wake, lisizidi tani 18.

Tufanye hesabu. Ikiwa lori lenyewe tupu lina uzito wa tani 6, mzigo wake hauwezi kuzidi tani 12. Gunia la mahindi la kilo 90 laingia humo mara 133. Gunia la kilo 50 laingia mara 240. Mkulima akisema, "Ongeza kumi tu," ameongeza kilo 900, yaani karibu tani nzima. Mzani wa Gilgil hauna huruma kwa sababu mtu ana haraka, na huko mlimani breki hazina huruma vile vile.

Namna ya kupakia nayo ni elimu. Magunia yakirundikwa nyuma, mbele huwa kwepesi na usukani hautii. Yakirundikwa upande mmoja, lori huinama konani. Yapangwe sawasawa, yafungwe kwa kamba nzima na kufunikwa kwa turubai, kisha dereva asimame baada ya mwendo mfupi azikaze kamba tena, kwa maana magunia hujikalisha na kamba hulegea. Dereva wa muda ana haki ya kuhesabu magunia kabla ya kuondoka. Tena ana wajibu huo, kwani yeye ndiye atakayeulizwa kwenye mzani.

MTEREMKO WA SALGAA

Lori litokalo Kitale au Eldoret kwenda Nairobi hupanda mpaka Timboroa, mahali palipo juu kuliko mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, kisha hushuka kuelekea Nakuru. Kutoka Timboroa hadi Nakuru ni mteremko wa takriban mita 900 kwa jumla, na sehemu ya Salgaa na Sachangwan imemwaga damu nyingi. Tarehe 31 Januari, 2009, lori la mafuta lilianguka karibu na Sachangwan, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 walikufa. Hapo si mbali na Londiani, ambako tarehe 30 Juni, 2023, lori lililobeba kontena lilipoteza njia, likaparamia magari na wachuuzi kando ya barabara. Waliokufa walizidi 50.

Dereva asiyeijua njia hii afahamu jambo moja kabla ya yote. Breki hufanya kazi kwa kusuguana, na kusuguana huleta moto. Mtu akikanyaga breki mfululizo katika mteremko mrefu, ngoma zake hupata moto hata zisiweze kushika tena. Wakati huo atakanyaga mpaka chini na lori litazidi kukimbia. Dawa yake ni injini. Kanuni ya zamani yasema: shuka mlima kwa gia ile ambayo ungeutumia kuupanda, au iliyo chini yake. Gia hiyo ichaguliwe juu, kabla ya kuanza kushuka, maana lori likisha kushika kasi, kuirudisha chini ni vigumu sana.

Wako madereva watoao gia kabisa, wakaliacha lori lishuke lenyewe ili kuokoa dizeli. Huo ni wizi wa uhai wa watu. Lori lisilo na gia halina injini ya kulizuia, na mzigo wote waangukia breki peke yake. Mwenye lori anayempunguzia dereva wa muda dizeli kupita kiasi, kisha akamtaka afike, amemfundisha mwenyewe tabia hiyo.

MUDA WA KUENDESHA

Kitale hadi Nairobi ni takriban kilometa 380. Lori lenye mzigo likienda kwa wastani wa kilometa 45 kwa saa, pamoja na milima na miji, safari hiyo itapita muda wa saa 8. Nayo Sheria ya Barabarani, ilivyorekebishwa mwaka 2012, yamkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 kwa jumla katika kila muda wa saa 24. Maana yake ni wazi: safari hii yataka madereva wawili, au dereva mmoja alale njiani.

Hapa ndipo penye jaribu kubwa la kazi ya muda. Wengi hulipwa kwa safari. Mwenye kulipwa hivyo ataka kurudi upesi apakie tena, na usingizi huhesabiwa kuwa hasara. Dawa si kumkemea dereva. Dawa ni kumlipa kwa siku, au kuongeza posho ya kulala, ili kupumzika kusimnyime chakula cha watoto wake. Posho ya usiku mmoja ni ndogo kuliko bei ya gunia chache, sembuse lori zima.

UTINGO NA USUKANI

Dereva akichoka, mara nyingi humpa usukani utingo, ambaye wengine humwita taniboi. Kijana huyu amekaa karibu na dereva miaka miwili, amebadilisha tairi nyingi, naye aamini kwamba kazi ameijua. Huenda ana akili na mikono mizuri. Lakini mtu hafunzwi lori usiku, katika njia kuu, juu ya mzigo wa mtu mwingine. Anayejifunza yampasa kuwa na leseni ya muda ya mwanafunzi, alama ya L garini, na karibu naye mwalimu mwenye leseni ya gari lile.

Mwenye lori apendaye maendeleo atamsaidia utingo mwaminifu kwenda shule ya udereva baada ya mavuno. Msimu ujao hatakuwa na haja ya kumwokota dereva asiyemjua kituoni.

Utingo ana ujuzi wake pia wa kufundishwa. Ajue kusimama mahali ambapo dereva amwona kiooni lori linaporudi nyuma, na dereva asiyemwona asimame mara moja. Ajue kuweka mawe nyuma ya magurudumu kabla ya kutia jeki. Lori likiharibika, aweke pembe tatu za kung'aa mbali mbele na nyuma. Matawi ya miti hayaonekani vema usiku, na mara nyingi huachwa barabarani yakawa hatari nyingine.

MAPATANO

Mwisho, kazi iwe na mapatano. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba kibarua afanyaye kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja ahesabiwe kama mtu wa mkataba wa mwezi, na kazi itakayofikia miezi mitatu au zaidi iandikwe. Hata kwa safari moja, karatasi fupi yafaa: jina na nambari ya leseni, nambari ya lori, idadi ya magunia, ujira, posho, na nani atalipa faini ikiwa lori limezidi uzito kwa amri ya mwenye mali. Wote wawili watie sahihi, kila mmoja akae na nakala yake.

Dereva wa muda aliye hodari ataweza kutambulikana kwa maswali yake. Atauliza breki zilikaguliwa lini, mzigo una kilo ngapi, na atalala wapi. Mwenye lori asiudhike kwa maswali hayo wala asimwone mjuaji. Ampe kazi huyo, na yule aliyechukua funguo bila kuuliza neno amwache aende zake.